Safari ya Kisiwani Hupangwa Kuanzia Kurudi

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kupata, kila muhula, habari ya safari moja au mbili za wanafunzi. Habari hizo aghalabu huanza na jogoo kuwika, na huisha kwa maneno haya: "Tukarudi salama, tumechoka lakini tumefurahi." Leo nataka kusema juu ya maneno hayo ya mwisho tu, yaani kurudi salama. Twayaandika kana kwamba ni jambo linalokuja lenyewe.

Sababu ya kuandika ni hii. Darasa letu la Kidato cha Tatu limekubaliana kwenda kupumzika kisiwani Jumamosi na Jumapili moja ya muhula ujao, nami nimechaguliwa kuwa katibu wa safari. Mapendekezo yaliyoletwa ni mawili. Wengine wataka twende Saanane, na wengine wataka twende Ukerewe. Na katika hao wa Ukerewe wamo wanaotaka tuvuke mpaka Ukara tukalione lile jiwe ambalo husemwa kuwa hucheza. Kabla sijaupeleka mpango kwa mwalimu wetu wa darasa, naomba nafasi niseme maoni yangu mbele ya wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, maana jambo hili lawahusu wote.

Mtu asidhani kuwa napinga safari. Sisi wa Buzuruga twakaa mwendo mfupi tu kutoka ziwani, lakini wengi wetu twalijua ziwa kwa sato aliye sahanini. Daladala hutupitisha Mabatini mpaka mjini, twalitazama ziwa likimetameta nyuma ya Mwamba wa Bismarck, kisha twanunua tulichotumwa na kurudi. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo katika Tanzania. Ni aibu mwanafunzi wa Mwanza kulijua kwa ramani ya ukutani peke yake.

Tena visiwa vina mengi ya kutufundisha. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hili. Huko ndiko kwao marehemu mzee Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja zaidi ya miaka thelathini kabla haijachapwa. Ukara nako, wakulima wamejulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe zizini, kuwakatia majani, na kupeleka samadi mashambani, kwa kuwa ardhi ni haba na watu ni wengi. Mwalimu wa Jiografia aweza kulieleza jambo hilo kwa saa nzima. Kuliona kwa macho yatosha dakika tano.

Basi kwenda nakubali kwa moyo wote. Hoja yangu ni kwamba safari ya kisiwani haipangwi kama safari ya nchi kavu. Ya nchi kavu waweza kuipanga kuanzia kwenda. Ya kisiwani sharti uipange kuanzia kurudi. Nimejifunza hivyo kwa kosa langu mwenyewe, nami sasa nitalieleza.

Mwaka jana, Jumamosi moja, tulikwenda wanafunzi wanne kisiwani kwao mwenzetu mmoja, kwa ruhusa ya wazazi wetu. Jina la kisiwa na la boti siyataji, kwa kuwa shabaha yangu si kumshitaki mtu. Kama yuko mshitakiwa ni mimi, maana ndimi niliyepanga. Daftari lile ninalo mpaka leo. Mpango umejaza ukurasa mmoja na nusu: unga kilo tatu, karanga, michembe, sabuni, sukari kilo mbili kumpelekea mama wa mwenzetu, nauli ya kila mtu, nani atabeba sufuria, saa ngapi tutapanda kilima kutazama ndege, nani ataandika majina ya ndege hao. Mwisho kabisa, chini ya ukurasa, nimeandika hivi tu: "Jumapili, kurudi." Saa haikuandikwa, wala chombo, wala fedha za akiba, wala neno lo lote la kusema tufanye nini kama mambo yatakwenda vingine.

Jumamosi ilikuwa njema, sina haja ya kuieleza sana. Tulipokewa kama watoto wa nyumbani, tukala sato wa kuchoma, tukapanda kilima, tukaandika majina ya ndege kumi na tisa. Jumapili boti ya asubuhi haikuja. Saa sita hatukuona kitu. Saa nane upepo ulianza kuvuma na mawimbi yakaanza kuvunjika juu ya mawe. Saa kumi ikaja boti moja, na hapo mwaloni walikuwapo watu wa boti mbili, pamoja na magunia ya dagaa, kreti za chupa, baiskeli na mbuzi wawili.

Mwenye boti alisema, "Ingieni, ingieni, nafasi ipo."

Baba wa mwenzetu alitushika mkono, akasema, "Wanangu, laleni. Kesho kukishapambazuka vizuri nitawatafutia chombo."

Mimi nikamjibu, "Asante baba, lakini kesho tuna mtihani wa Hesabu, na asiyekuwapo mstarini asubuhi hupewa adhabu."

Hakusema neno tena. Alitazama maji, akaturudishia mizigo yetu.

Penye jiwe moja kando ya mwalo alikuwa ameketi bibi kizee mwenye kikapu cha dagaa. Nilikuwa nimemwona tangu saa nne akingoja kama sisi. Watu walipoanza kusukumana yeye hakuondoka jiweni. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Huendi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Naenda, lakini si kwa hii. Safari yangu ni ya Mwanza, si ya chini ya ziwa."

"Na dagaa zako je, bibi?"

"Soko la kesho asubuhi litanipita, lakini masoko ni mengi. Kawia ufike."

Nilicheka kidogo, kama vijana tunavyowacheka wazee, kisha nikaingia botini. Majaketi okozi niliyahesabu, yalikuwa saba. Watu nilihesabu mpaka thelathini na sita, nikaacha, maana niliogopa jibu. Tulipofika katikati, ukingo wa boti ulikuwa juu ya maji kwa kadiri ya kiganja kimoja. Kila wimbi lilituachia maji miguuni, na kijana mmoja alikuwa akiyachota kwa dumu lililokatwa na kuyamwaga nje bila kupumzika. Hapana aliyezungumza. Mwenzetu mdogo kuliko sote alinishika kanzu kwa nguvu hata kitambaa kikachanika begani. Nilikuwa nimemwambia mama yake kuwa nitamwangalia.

Tulifika jua likizama. Nyumbani mama akaniuliza, "Safari ilikuwaje?" Nikasema, "Nzuri, mama." Katika mtihani wa Hesabu nilipata 54 kwa 100. Hizo ndizo alama nilizotaka kuzinunua kwa maisha ya watu wanne.

Sasa, ndugu wasomaji, hatari ya kufika salama namna ile ni kwamba yafundisha vibaya. Mtu asema, "Mbona nilipanda na sikufa?" Naye hupanda tena. Walakini ziwa letu limekwisha kutujibu, na jibu liko katika barabara yetu wenyewe. Ukitoka Buzuruga kwenda upande wa Musoma utafika Igoma. Pale yapo makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba kuja Mwanza. Meli hiyo ilitengenezwa kwa abiria 430, na waliokufa walizidi 800 kwa hesabu zinazotajwa sana. Sisi wanafunzi tulikuwa hatujazaliwa. Lakini wako wazazi wanaosoma ukurasa huu ambao walingoja bandarini siku ile.

Hayo ya 2018 twayakumbuka wenyewe, ijapokuwa tulikuwa wadogo. Tarehe 20 Septemba, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara. Kilikuwa cha abiria wapatao 100. Kilipinduka kimebakiza mwendo mfupi sana kufika gati ya Bwisya, mahali ambapo watu wa nchi kavu waliweza kukiona kwa macho. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Ilikuwa siku ya gulio, na wengi wao walikuwa wakirudi nyumbani, mikononi wana chumvi, sabuni, na vitu vya watoto. Nawaomba mkumbuke neno hilo: walikuwa wakirudi.

Kwa nini kurudi kuwe na hatari kuliko kwenda? Nimelifikiri sana, na naona sababu ni tatu. Kwanza, wakati wa kwenda mtu ana hiari, chombo kikijaa aweza kusema, "Nitakwenda wiki ijayo." Wakati wa kurudi hana hiari, au adhani kuwa hana. Fedha zimekwisha, chakula kimekwisha, na kesho kuna kazi au shule. Pili, kila mtu hutaka kurudi saa ile ile, kwa hiyo vyombo hujaa kwa pamoja. Tatu ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, nao aghalabu hushika nguvu alasiri. Usiku mambo hugeuka; upepo hutoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani, hewa hukutana na kupanda juu, na hii ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa letu hutokea usiku na alfajiri. Mtu aliyechelewa alasiri hujikuta kati ya mawimbi ya jioni na dhoruba ya usiku.

Mzigo nao una kanuni zake, kama tulivyofundishwa katika Fizikia. Chombo kikizidiwa huzama chini zaidi, na ukingo wake hukaribia maji, hata wimbi dogo laweza kuingia. Mizigo ikipangwa juu, au watu wakisimama, kitovu cha uzito hupanda na chombo huwa chepesi kupinduka. Watu wote wakikimbilia upande mmoja, basi. Kanuni hizo hazijali kama abiria ni mcha Mungu au ana mtihani kesho.

Kwa hiyo mpango wangu mpya ni huu, nao nauanza na Jumapili.

Jambo la kwanza ni kuchagua kisiwa kwa kadiri ya siku tulizo nazo. Kama ni Jumamosi na Jumapili tu, nasema twende Saanane, na twende siku moja. Najua wenzangu watanung'unika kuwa ni karibu mno. Ndiyo, ni karibu. Boti huondoka upande wa Capri Point na kufika kwa dakika chache, na jioni mtu amelala kwao. Lakini udogo si upungufu. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Mwaka 1964 ilifanywa bustani ya wanyama, na jina lake latokana na mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekaa pale kabla ya hapo. Wamo swala, pundamilia, pimbi na ndege wengi, na juu ya majabali yake waweza kuuona mji wa Mwanza kama auonavyo mgeni anayewasili. Nani kati yetu amewahi kuutazama mji wake kutoka majini?

Ukerewe tukuweke kwa siku zisizopungua nne, wakati wa likizo, tukipanda meli ya ratiba kutoka bandarini mpaka Nansio, au tukipita Bunda na Kisorya na kuvuka kwa kivuko. Ukara tuiache mpaka tuwe na nafasi ya kulala siku ya ziada bila wasiwasi. Na popote tuendapo, tusioge penye matete ya pwani, kwa ajili ya kichocho na mamba.

Jambo la pili ni siku ya akiba na fedha za akiba. Kila mmoja atatoa nauli, na juu ya nauli atatoa kiasi cha kulala na kula usiku mmoja zaidi. Fedha hizo zitafungwa katika bahasha, hazitaguswa kununua soda. Tusipozitumia atarudishiwa kila mtu zake. Tena safari isiwekwe siku ambayo kesho yake kuna mtihani.

Jambo la tatu ni kanuni moja, nayo itasomwa kabla ya kuondoka: mtu mmoja akisema "Chombo hiki kimejaa, sipandi," wote hatupandi. Hatutapiga kura. Asichekwe wala asiitwe mwoga. Katika boti ile ya mwaka jana, naamini sote wanne tuliogopa, lakini kila mmoja alingoja mwenzake aseme kwanza.

Jambo la nne ni la walimu wetu, nami naliomba kwa heshima. Shule itangaze kwamba mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu alikataa kupanda chombo kilichojaa hatapewa adhabu, na mtihani alioukosa atapewa siku nyingine. Wapo watakaosema kuwa wavivu wataligeuza hilo kuwa kisingizio. Nami nasema, mwanafunzi huyo apige simu kwa mwalimu wa darasa jioni ile ile, na mzazi wa nyumba alikolala aseme na mwalimu. Kisingizio chaweza kuchunguzwa Jumanne. Mtu aliyezama hawezi kuchunguzwa siku yo yote. Hata kama katika kumi mmoja atatudanganya, hasara yake ni siku moja ya masomo.

Jambo la tano ni la wazazi. Tunapoaga, mzoea kutuambia, "Jumapili lazima uwe hapa." Nawasihi muongeze neno moja: "Jumapili uwe hapa, lakini chombo kikijaa lala huko, hatutakukasirikia." Neno hilo dogo, mtoto hulibeba mpaka mwaloni.

Liko pingamizi moja lenye nguvu kuliko mengine. Watu husema, "Wenyeji wa visiwani hupanda boti hizo kila siku, ninyi ni nani hata mjidekeze?" Jibu langu ni kwamba mwenyeji huvuka kwa kuwa ana mgonjwa, ana mtihani, ana samaki wa kuuza kabla hawajaoza. Yeye ana dhiki. Sisi twavuka kwa ajili ya kupumzika. Anayesafiri kwa furaha yake ana udhuru mdogo zaidi wa kujitia hatarini, tena huchukua nafasi botini ambayo mwenye dhiki angeipata. Na huyo mwenyeji naye haifai aachiwe hatari hiyo kama ni mila yake. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, na watu waliokuwa wakingoja kivuko sasa wapita kwa dakika chache. Twashukuru. Lakini visiwa vyote havitapata daraja, na watu wake wastahili vyombo vya kutosha na hesabu ya kweli ya abiria, ili bibi yule asilazimike kuchagua kati ya soko na uhai.

Nimekwisha kuandika mpango mpya katika daftari lile lile, ukurasa unaofuata. Mstari wa kwanza wasema: "Kurudi: saa tisa alasiri, boti ya hifadhi, majaketi yahesabiwe kabla ya kupanda." Unga na karanga vimekuja chini yake. Wiki ijayo nitaupeleka kwa mwalimu wa darasa. Na kabla ya hapo nitamweleza mama jinsi safari ya mwaka jana ilivyokuwa, maana sipendi ajue kwa kusoma gazeti hili.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu